Hema la Bibi Rufaida na watoto wa mwambao wa Nyasa

Ukitajwa uuguzi, wengi wetu humkumbuka Florence Nightingale wa Uingereza, aliyewauguza majeruhi wa vita vya Crimea kuanzia mwaka 1854. Hatuna ugomvi naye. Lakini ni Waislamu wangapi wanaomjua Bibi Rufaida wa kabila la Aslam (r.a.), aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 1,200?

Bibi huyu wa Madina alikuwa mtibabu wa majeraha, na hema lake lilisimama msikitini kwa Mtume (s.a.w.). Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria (627), Saad bin Muadh (r.a.), kiongozi wa Aus, alichomwa mshale uliokata mshipa wa mkono. Mtume (s.a.w.) akaamuru alazwe katika hema lile ili awe karibu, akawa anampitia asubuhi na jioni kumjulia hali. Saad hakupona. Jeraha lilifumuka akafariki. Msomaji asiliruke hilo: hema lile halikuwa la wanaopona tu.

Siku hizi wapo wanaomwongezea Bibi Rufaida mambo mengi, mara shule, mara chuo. Mimi hunitosha lile waliloandika watu wa Sira, kwamba alijitolea, kwa kutaraji malipo kwa Allah, kuwahudumia Waislamu waliokosa mtu wa kuwaangalia.

Hao waliokosa mtu ndio walionishikisha kalamu. Mwambao wa Ziwa Nyasa, kati ya Liuli na Mbamba Bay, katika wilaya iliyokuwa sehemu ya Mbinga hadi mwaka 2012, nilimkuta mama na mtoto mwenye kichwa maji. Mtoto alipasuliwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapo, akawekewa mpira mwembamba wa kushusha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mpira huo ukiziba, mtoto hutapika, husinzia, macho yake huelekea chini, na hapo hakuna muda wa kungoja kesho. Ni nani kijijini wa kumwambia mama kwamba hii si malaria? Mama aliniambia tangu arudi hajabishiwa hodi na mtu wa afya hata mara moja.

Hospitali zipo. Iko ya Waanglikana hapo Liuli, ya Wakatoliki Litembo huko juu milimani Mbinga, na za Serikali. Tuwashukuru. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, nao ni heri kubwa, ila mafunzo ya miezi 6 hayamfanyi mtu kuwa muuguzi wa mtoto kama huyu. Anahitajika muuguzi hasa, anayefika nyumbani. Na sisi tunaochangishana mamilioni kwa harusi ya usiku mmoja, tumeshindwa hata kumlipa mmoja?

Mwaka wa 7 Hijria (628) Bibi Rufaida alifuatana na jeshi hadi Khaybar, kiasi cha kilomita 150 kutoka Madina, akiuguza. Imepokewa kwamba ngawira ilipogawanywa, Mtume (s.a.w.) alimpa fungu sawa na la mwanamume aliyepigana. Wale wanaosema kuuguza ni sadaka, hivyo muuguzi asidai mshahara wala nauli ya boti, wanijibu kuhusu fungu hilo.