Mwalimu Alipokuwa Mwanafunzi Edinburgh

Wana-Magomeni wengi tunapita Mtaa wa Ifunda bila hata kugeuza shingo. Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere ipo pale, siku hizi ni makumbusho, na wageni wanaifahamu kuliko sisi wenyeji. Habari zinazosimuliwa pale ni za TANU na uhuru. Kwa kuwa harambee yetu mwaka huu ni ya kusomesha vijana, nimeombwa niandike habari za Mwalimu alipokuwa mwanafunzi nchi za watu, miaka michache kabla hajawa jirani yetu. Kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo mtanivumilia nikianzia kwenye fedha.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki na Mama Mugaya. Alisoma Mwisenge pale Musoma, akaenda Tabora, kisha Makerere, alikopata stashahada ya ualimu mwaka 1945. Wakati huo baba yake alikuwa ameshafariki, tangu 1942. Alipoanza kufundisha shule ya St. Mary's, Tabora, mshahara ule haukuwa wa mtu mmoja. Yeyote aliyekuwa wa kwanza kupata ajira kwenye ukoo wake anajua ninachosema: mwezi haujaisha, barua zimeshafika.

Ndiyo maana nafasi ya kwenda kusoma Uingereza kwa fedha za serikali ya kikoloni ilipojitokeza, Mwalimu alisita. Ufadhili ungemlisha yeye. Waliokuwa wakimtegemea je? Padri Richard Walsh, mkuu wa St. Mary's, ndiye aliyemshawishi akubali. Nyuma alikuwa anamwacha mama yake, na mchumba wake pia, Maria Gabriel, aliyekuwa mwalimu huko Nyegina, Musoma.

Aprili 1949 alipanda ndege Dar es Salaam, akashukia Southampton, kusini kabisa mwa Uingereza. Kutoka London akachukua treni kwenda Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, safari ya zaidi ya kilomita 600 kuelekea kaskazini. Alikuwa na umri wa miaka 27 hivi. Hakuwa kijana wa sekondari aliyemaliza mtihani jana. Alikuwa mwalimu aliyezoea kuitwa mwalimu, na sasa anaanza tena kuwa mwanafunzi.

Alipangiwa kukaa katika nyumba ya wanafunzi kutoka makoloni, kwenye kitongoji cha The Grange. Tusidhani alikwenda kwenye neema. Vita vilikuwa vimekwisha miaka minne nyuma, lakini Waingereza walikuwa bado wanagawiwa vyakula kwa kipimo: nyama, siagi, sukari, hata majani ya chai. Nyumba zilipashwa joto kwa makaa ya mawe, na moshi ulikuwa umezitia weusi kuta za mawe za mji mzima. Aprili kule bado ni baridi. Halafu mwezi Juni jua linazama saa nne usiku, na Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri. Kwa mtu aliyelelewa karibu na mstari wa ikweta, ambako jua hutua saa ile ile mwaka mzima, hilo peke yake linatosha kumvuruga usingizi.

Na upweke. Mwaka ule, katika Scotland yote, wanafunzi weusi kutoka nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza walikuwa wawili tu, yeye akiwa mmojawapo. Vijana wetu wanaokwenda nje leo wanawapigia mama zao video usiku huo huo wanapofika. Yeye alikuwa na kalamu na stempu.

Miezi ya mwanzo hakuingia moja kwa moja kwenye shahada. Alisoma kozi fupi ya kemia na fizikia, na akafanya mtihani wa Kiingereza wa kuingilia vyuo vikuu vya Scotland, akafaulu. Makerere alikuwa amesoma baiolojia, na Tabora alikuwa akiifundisha, lakini Oktoba 1949 alikubaliwa kusoma sanaa. Akachukua fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, anthropolojia, na baadaye historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Naona huo ndio uamuzi mkubwa wa miezi ile. Mtu anayedaiwa na ukoo kwa kawaida huchagua somo lenye ajira ya uhakika. Yeye alichagua masomo ya kumfanya afikiri. Huko huko akaandika makala juu ya tatizo la rangi Afrika Mashariki, akapanda majukwaani kupinga Shirikisho la Afrika ya Kati.

Julai 1952 alipata shahada yake ya M.A. Alirudi kwa meli, akatia nanga Dar es Salaam Oktoba. Tangu aondoke ni miezi 42. Maria alikuwa bado anamsubiri; walifunga ndoa Januari 1953, na Mwalimu akaanza kufundisha Pugu. Mshahara ukarudi nyumbani.

Haukudumu. Aprili mwaka ule alichaguliwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa Kariakoo, mtaa ambao sasa tunauita Lumumba. Machi 1955 akaenda Umoja wa Mataifa New York, kwa nauli iliyotokana na michango ya watu. Aliporudi alitakiwa achague, siasa au chaki. Akajiuzulu Pugu, mshahara ukakatika mara ya pili, safari hii akiwa na mke na watoto. Ndipo Magomeni ikampata, na ndipo wazee wetu wanapoanza kumkumbuka Mama Maria na duka lake dogo la mafuta ya taa. Yaliyofuata, Ikulu mpaka kifo chake London, Oktoba 1999, kila mmoja wetu anayajua.

Bajeti yetu ya ufadhili ina mistari minne: ada, nauli, malazi na vitabu. Nimependekeza kwa kamati tuongeze wa tano, posho ndogo ya kila mwezi kwa mzazi wa mwanafunzi ambaye ndiye alikuwa anaendesha nyumba kwa kibarua au bodaboda. Wajumbe wengine wanasema chama kinasomesha mtoto, hakiolei familia, na mfuko hautatosha. Hesabu ya mfuko ni kweli ni finyu. Suala hili litapigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Anayetaka mchango wake uende kwenye mstari huo aandike hivyo kwenye fomu ya ahadi, ukurasa wa mwisho.