Krapf Hakunung'unika

Ndugu msomaji, herufi unazosoma sasa zina historia yake. Zamani Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mmoja wa watu wa kwanza kukiandika kwa herufi hizi alikuwa Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Soma habari za maisha yake. Utaona jinsi mtu anavyoweza kupata taabu kubwa bila kumnung'unikia Mungu.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Krapf alipokua akawa mmisionari. Alifanya kazi Uhabeshi kwa miaka kadhaa, lakini mwishowe hakuruhusiwa kuendelea huko. Alimwoa Rosine, na mtoto wao wa kwanza walimzika safarini.

Mwezi Mei 1844 Krapf na mkewe walifika Mombasa. Walikuwa wageni, na Rosine alikuwa mja mzito. Mwezi Julai wote wawili walishikwa na homa kali. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba malaria huenezwa na mbu. Rosine alijifungua mtoto wa kike, kisha akazidiwa. Alifariki tarehe 13 Julai. Baada ya siku chache tu mtoto naye akafa. Krapf alikuwa hoi kitandani. Hata kuinuka kumtazama mkewe kulimshinda nusura. Marehemu walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Fikiri, ndugu. Ungekuwa wewe, ungesema nini? Wengi wetu tungeuliza tumemkosea Mungu nini, kisha tungefunga mizigo turudi kwetu.

Krapf aliumia sana moyoni, lakini hakumlaumu Mungu. Aliandika barua kwa waliomtuma. Aliwaambia kuwa kaburi lile ni alama kwamba kazi imeanza, na wengine waje. Kisha alirudi kwenye meza yake. Alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akaendelea. Kadhi wa Mombasa, mtu wa dini ya Kiislamu, alimsaidia katika kazi hiyo.

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann. Wote wawili walikuwa na homa walipopanda mlima kwenda kukaa Rabai. Mwaka 1849 Krapf aliuona Mlima Kenya.

Taabu nyingine ilimpata mwaka 1851. Alikuwa safarini na Kivoi, mkubwa wa Wakamba. Karibu na mto Tana walishambuliwa, na Kivoi akauawa. Krapf alipotea porini peke yake. Hakuwa na chombo cha maji, akayatia katika mtutu wa bunduki yake. Alijificha mchana na kutembea usiku, huku akimwomba Mungu. Akafika Rabai salama.

Afya yake iliharibika, akarudi Ujerumani. Huko pia hakukaa bure. Aliandika kamusi kubwa ya Kiswahili. Alifariki mwaka 1881, akiwa amepiga magoti akisali. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882.

Ndugu msomaji, huenda mwaka huu mvua imekukosa, au umefiwa. Kulia si vibaya. Lakini manung'uniko hayapalilii shamba. Mtegemee Mungu, kisha shika jembe lako. Ukiugua, sali, na uende zahanati. Krapf alimtegemea Mungu, wala hakuacha kazi. Ndiyo maana matunda ya kazi yake yapo mpaka leo.

Maswali

1. Krapf alipatwa na taabu gani mwaka 1844?
2. Alifanya nini baada ya kufiwa?
3. Kulia na kunung'unika vina tofauti gani? Zungumzeni darasani.