Bertram Ramsay

Bertram Home Ramsay (20 Januari 1883 – 2 Januari 1945) alikuwa admirali wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuongoza uokoaji wa wanajeshi kutoka Dunkirk mwaka 1940 na operesheni za baharini za uvamizi wa Normandy mwaka 1944.

Maisha

Alizaliwa Hampton Court, karibu na London, akiwa mtoto wa afisa wa jeshi la nchi kavu. Alijiunga na Jeshi la Majini mwaka 1898, na miaka ya 1903–1904 alishiriki katika vita vya Waingereza huko Somaliland. Mwaka 1935 alifanya kazi chini ya admirali Roger Backhouse, ambaye hakupenda kuwaachia wasaidizi madaraka. Ramsay aliomba kuondoka, akastaafishwa mwaka 1938.

Vita ilipokaribia aliitwa tena, akapewa Dover. Kutoka vyumba vilivyochimbwa chini ya ngome ya mji huo alisimamia kuokolewa kwa wanajeshi zaidi ya 338,000. Baadaye alishiriki kupanga mashambulizi ya Afrika Kaskazini (1942) na Sisilia (1943).

Normandy

Ugumu mkubwa ulikuwa kupatanisha mahitaji ya majeshi matatu. Askari wa miavuli walitaka mbalamwezi. Manowari na ndege zilihitaji mwanga wa kutosha kulenga shabaha kabla ya askari kushuka. Mashua zilipaswa kufika maji yakiwa yameanza kujaa, wakati vizuizi vya Wajerumani ufukoni bado vinaonekana. Siku zilizofaa zilikuwa chache kila mwezi. Shambulio lililopangwa tarehe 5 Juni 1944 liliahirishwa kwa siku moja kutokana na hali mbaya ya hewa. Ramsay aliongoza meli na mashua karibu 7,000.

Antwerp

Mnamo Septemba 1944 alionya kwamba bandari ya Antwerp haitafaa kitu mradi Wajerumani wanashikilia kingo za mto Scheldt. Montgomery alitanguliza shambulio la Arnhem, lililoshindwa. Kisiwa cha Walcheren kilivamiwa kutoka baharini tarehe 1 Novemba, na msafara wa kwanza wa meli ulifika Antwerp tarehe 28. Bandari yenyewe ilikuwa imetekwa tangu mwanzoni mwa Septemba.

Kifo

Alifariki ndege yake ilipoanguka ikiruka kutoka Toussus-le-Noble, karibu na Paris, akielekea Brussels kukutana na Montgomery. Alizikwa Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa.