George de Hevesy (1885–1966): Mwanakemia Aliyeufanya Mwili Ujieleze

Kabla ya hospitali kuenea katika nyanda za juu za Gusii, mtu aliyepigwa rungu la kichwa akabaki na maumivu yasiyokoma alipelekwa kwa omobari, mpasuaji wa jadi ambaye sifa zake zimevuka mipaka ya Kisii na Nyamira. Omobari alichana ngozi ya kichwa, akautafuta ufa wa fuvu kwa jicho na kidole, kisha akaukwangua mfupa taratibu. Ustadi huo ulistahili heshima uliyopewa, ila ulikuwa na sharti zito: aliyetaka kuona ndani hakuwa na budi kufungua. Sharti hilo halikuwalemea Abagusii peke yao. Madaktari wa Ulaya nao walikuwa chini yake hadi mwaka 1895, Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei. Hata hivyo, picha ya eksirei ilionyesha umbo la mfupa. Haikueleza mfupa huo ulikuwa ukifanya kazi gani. Aliyefungua njia ya kuuliza swali hilo la pili ni George de Hevesy.

Hevesy alizaliwa mjini Budapest, Hungaria, tarehe 1 Agosti 1885, katika familia tajiri ya Wakatoliki wenye asili ya Kiyahudi. Alisomea Budapest na Berlin, kisha Freiburg, Ujerumani, alikohitimu shahada ya uzamivu mwaka 1908. Baada ya kupitia Zurich na Karlsruhe, aliwasili Manchester, Uingereza, mwaka 1911 ili kufanya kazi katika maabara ya Ernest Rutherford.

Rutherford alikuwa na shehena kubwa ya risasi, ile metali nzito, iliyotoka katika migodi ya Austria. Ndani yake mlikuwa na dutu nururifu iliyoitwa radiamu D, nayo haikumfaa kitu maadamu ilikuwa imechanganyika na risasi ya kawaida. Alimtaka kijana huyo aitenganishe. Hevesy alijaribu kila mbinu ya kemia aliyoijua, akahangaika kwa muda mrefu, asifanikiwe hata chembe. Leo sababu inajulikana: radiamu D ni risasi yenyewe, isotopu yake mojawapo, na kemia haina namna ya kukitenga kitu na nafsi yake.

Wengi wangeishia hapo na kutafuta kazi nyingine. Hevesy aligeuza swali. Ikiwa dutu hiyo haiwezi kutenganishwa na risasi, basi ukitia chembe zake chache ndani ya risasi zitaandamana nayo popote iendapo, huku mnururisho wake ukitangaza mahali ilipo. Yaani kushindwa kwake kulikuwa ndiko chombo alichokihitaji. Mwaka 1913, akishirikiana na Fritz Paneth mjini Vienna, aliitumia mbinu hiyo kupima viwango vya risasi vilivyokuwa vidogo mno kwa mizani yoyote ya wakati huo.

Kuna kisa cha siku za Manchester ambacho Hevesy mwenyewe alipenda kukisimulia. Alishuku kuwa mama mwenye nyumba alimopanga alikuwa akiwarudishia wapangaji mabaki ya nyama ya Jumapili katika vyakula vya siku zilizofuata. Mama huyo alikana katakata. Basi Jumapili moja Hevesy alinyunyiza chembe nururifu kwenye mabaki ya sahani yake, na siku chache baadaye akaleta mezani kifaa cha kupimia mnururisho. Chakula kilijisema chenyewe. Kisa hiki kinachekesha, lakini ndani yake mna tiba ya nyuklia nzima: tia alama, ngoja, kisha pima ilikofika.

Mwaka 1920 alihamia Copenhagen, Denmark, kwa Niels Bohr. Akiwa huko yeye na Dirk Coster waligundua elementi ya hafni, iliyotangazwa mwaka 1923 na kupewa jina la Kilatini la mji huo. Ugunduzi huo ulimpa sifa kubwa, ila kwa mkondo wa makala haya uzito umo katika jaribio dogo la mwaka huohuo. Aliitumbukiza mizizi ya mimea ya maharagwe katika maji yenye risasi nururifu, akafuatilia risasi hiyo ilivyopanda hadi kwenye shina na majani. Akaona kwamba sehemu kubwa ilibaki mizizini. Kwa mara ya kwanza kiumbe hai kilikuwa kimefuatiliwa kwa ndani kwa mbinu hii. Mkulima wa Nyansiongo au Marani anayejiuliza mbolea aliyoitia shambani imefika wapi anauliza swali lilelile.

Risasi, hata hivyo, ni sumu, na haifai kumpa mgonjwa. Mlango ulifunguka mwaka 1934, Irène na Frédéric Joliot-Curie walipoonyesha kuwa elementi za kawaida zinaweza kufanywa ziwe nururifu. Mwaka huo Hevesy, aliyekuwa amerejea Freiburg kama profesa tangu 1926, aliondoka Ujerumani kwa sababu ya utawala wa Wanazi, akarudi kwa Bohr. Mwaka 1935, yeye na O. Chiewitz waliwalisha panya fosforasi nururifu. Matokeo yaliwashangaza wasomi. Mifupa iliyodhaniwa kuwa imekwisha kujengwa na kutulia ilikuwa ikipokea fosforasi mpya na kuitoa ya zamani kila siku. Mfupa ulikuwa hai, na ulikuwa ukijieleza.

Vita vilimfuata hadi Denmark. Majeshi ya Ujerumani yalipoingia Copenhagen mwezi Aprili 1940, maabara ya Bohr ilikuwa imehifadhi nishani za dhahabu za Tuzo ya Nobel za Max von Laue na James Franck. Kuitoa dhahabu Ujerumani lilikuwa kosa kubwa, na jina la mwenye nishani lilichongwa juu yake. Hevesy aliziyeyusha zote mbili katika mchanganyiko wa asidi, akaiweka chupa rafuni. Askari walipekua wasitambue kitu. Baada ya vita dhahabu ilitolewa katika asidi hiyo, na nishani zikafuliwa upya. Yeye mwenyewe alikimbilia Sweden mwaka 1943. Huko Stockholm ndiko habari ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943 ilikomkuta, kwa kuwa ilitolewa mwaka 1944. Aliendelea na utafiti hadi uzeeni, akafariki Freiburg tarehe 5 Julai 1966 akiwa na umri wa miaka 80. Mwaka 2001 mabaki yake yalirudishwa kuzikwa Budapest.

Alichokosa Hevesy ni jicho la kuitazama mwili mzima ile chembe iliyotiwa alama. Jicho hilo lilitengenezwa na Hal Anger huko Berkeley, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika kamera yake, miali ya gama inayotoka mwilini huigonga fuwele kubwa, fuwele ikamemetuka, na mirija iliyo nyuma yake ikaugeuza mmemetuko kuwa umeme, kisha picha. Baadhi ya kamera za karne hii zimeikata njia hiyo. Hutumia nusukipitishi, yaani dutu isiyopitisha umeme kwa wepesi kama shaba wala kuuzuia kama kioo. Inayotumika sana imeundwa kwa kadmi, zinki na teluri, nayo huugeuza mwali wa gama kuwa umeme moja kwa moja, bila mmemetuko, katika joto la kawaida la chumba. Picha huwa bayana zaidi, na moyo waweza kuchunguzwa kwa dakika chache kwa dawa kidogo.

Dawa inayotumiwa zaidi ni tekneti. Mzee wa Nyamira mwenye saratani ya tezidume hudungwa tekneti iliyofungamanishwa na kampaundi ya fosforasi, na palipo na mfupa unaojijenga kwa kasi isiyo ya kawaida, hapo picha hukoza. Ni jaribio la panya la 1935, ila sasa lina jina la mgonjwa juu yake.

Kwa miaka mingi mgonjwa huyo amelazimika aghalabu kusafiri hadi Nairobi, na hapo ndipo hesabu ya Hevesy inapokutana na barabara. Nguvu ya tekneti hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Kutoka Nairobi hadi Kisii kupitia Narok ni zaidi ya kilomita 300, mwendo unaoweza kuchukua muda uo huo. Dawa ikiondoka alfajiri, nusu yake itakuwa imepotea kabla ya mgonjwa kupanda kitandani. Kinachostahimili safari ni molibdeni, mzazi wa tekneti, ambayo hupungua kwa nusu baada ya saa 66 na husafirishwa ndani ya kisanduku cha risasi ili tekneti ikamuliwe humo kila asubuhi. Kamera iliyo bora kuliko zote, ikiletwa Kisii bila kisanduku hicho na bila mtaalamu wa kukikamua, haitakuwa na cha kuona.