Eric Williams na mlango mwembamba wa elimu

Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za marehemu Dakta Eric Williams, Waziri Mkuu wa kwanza wa Trinidad na Tobago, visiwa vilivyo karibu na pwani ya Venezuela. Wengi humkumbuka kwa siasa. Mimi nimemchagua kwa sababu ya shule.

Alizaliwa mjini Port of Spain tarehe 25 Septemba 1911, kifungua mimba katika nyumba ya watoto 12. Baba yake alikuwa karani mdogo wa posta, na mshahara wake haukutosha kulipa karo ya sekondari. Wakati ule serikali ya Kiingereza ilitoa nafasi chache mno za kusoma bure, na watoto wa kisiwa kizima walizigombea kwa mtihani. Eric alishinda, akaingia Queen's Royal College, shule ya serikali iliyokuwa ikisifika sana.

Hapo alifundishwa na C.L.R. James, ambaye naye alisoma shule hiyo hiyo kwa nafasi ya bure. James ndiye aliyeshirikiana na Mzee Jomo Kenyatta huko London mwaka 1935 katika chama cha kuitetea Uhabeshi ilipovamiwa na Italia.

Shuleni Eric aliumia akicheza mpira, na tangu hapo masikio yake yakawa mazito. Hilo halikumzuia. Mwaka 1931 alipata nafasi ya kusomeshwa Uingereza, nafasi ambazo kwa mwaka hazikuzidi vidole vya mkono mmoja. Baba alitamani mwanawe awe daktari wa tiba, lakini kijana akachagua historia. Huko Oxford alipata shahada ya udaktari mwaka 1938, na kitabu chake cha mwaka 1944 kilieleza jinsi utumwa ulivyotajirisha Uingereza.

Aliporudi nyumbani, mwaka 1955 alianza kutoa mihadhara katika uwanja wa Woodford Square, na umati wa watu ukajaa kumsikiliza. Mwaka uliofuata chama chake kilishinda uchaguzi. Ndipo mtu aliyepita katika tundu la sindano akapata nafasi ya kuupanua mlango. Karo za sekondari zikaondolewa kwa waliofaulu mtihani, na shule mpya zikajengwa.

Ilikuwapo kazi ngumu zaidi. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa dini: Wakatoliki, Waanglikana, Wahindu, na Waislamu ambao wengi wao asili yao ni Bara Hindi. Wazazi waliogopa kwamba serikali ingezimeza. Katika mapatano ya Desemba 1960, dini ziliachiwa shule zao na mafundisho yao, nazo shule za sekondari zilizosaidiwa na serikali zikakubali kwamba asilimia 80 ya wanafunzi wapya wachaguliwe kwa mtihani wa taifa, na asilimia 20 wachaguliwe na wakuu wa shule. Nadhani sisi wa Pwani, tuliolelewa kati ya chuo cha Kurani na shule ya serikali, twaelewa uzito wa jambo hilo.

Uhuru ulipatikana tarehe 31 Agosti 1962. Lakini nisimsifu Williams kupita kiasi. Mtihani uliendelea kuwachuja watoto wa miaka 11 au 12, na aliyeshindwa alibeba aibu kubwa. Mwaka 1970 vijana, wengi wao wasomi wasio na kazi, waliandamana dhidi ya serikali yake, kwani shule ilifunguliwa kabla ya kazi kupatikana. Hata nafasi ya sekondari kwa kila mtoto haikupatikana mpaka mwaka 2000.

Alifariki tarehe 29 Machi 1981 akiwa bado madarakani. Kwa maoni yangu, sifa yake kubwa ni kwamba alipokwisha kupita hakuufunga mlango nyuma yake. Wako wasomi wengi, hata kwetu, waliosahau waliobaki nje.