Mzee Rumanyika wa Karagwe

Watu wa Mabira na wa Karagwe yote wanalijua jina la Omukama Rumanyika Orugundu, kwa maana wazee bado humtaja. Lakini vijana wengi wanalijua jina tu, na tabia ya mtu mwenyewe hawaijui. Basi tumeona vema kueleza habari zake kidogo, hasa mambo aliyoyawaza alipokuwa mtu mzima, kama yalivyoandikwa na wageni waliokaa barazani pake.

Baba yake alikuwa Ndagara, wa ukoo wa Bahinda. Ndagara alipokufa, wana watatu walitaka kiti chake: Rumanyika, Nnanaji, na mmoja ambaye wageni waliandika jina lake Rogero. Ikawekwa chini ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini imetiwa dawa ili asiyestahili asiweze kuiinua. Ndugu wawili wakajitahidi bure. Rumanyika akainua kwa kidole chake kidogo. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe. Ngoma ilikwisha kuamua, lakini Rogero hakukubali, akakusanya watu wake, ndugu wakapigana. Rumanyika alishinda kwa msaada wa bunduki za Musa, mfanya biashara Mhindi wa Tabora, naye akamlipa pembe za ndovu nyingi. Rogero akakimbia, akaendelea kukaa mlimani pamoja na uchungu wake.

Mwezi wa Novemba 1861 wakaja Waingereza wawili, Speke na Grant, wakitafuta chanzo cha mto Naili. Huko nyuma walikuwa wamenyang'anywa mali na kutozwa hongo na kila jumbe wa njiani. Walipofika Bweranyange wakakuta mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyewapa mikono na kuwaletea chakula, wala hakuwadai kitu kwa nguvu. Grant alikuwa na kidonda kibaya cha mguu, hawezi kusimama. Mwenzake alipokwenda Buganda Januari 1862, yeye alibaki nyumba ya Rumanyika hata Aprili, akatunzwa kama mtoto wa nyumbani. Wasomaji wa Ulaya walishika zaidi habari za wake wa mfalme walionyweshwa maziwa mpaka wakashindwa kutembea. Lakini sisi twaona jambo la mgonjwa huyu lapasa kukumbukwa kuliko hilo.

Tena alipenda sana kuuliza. Mtu mwenye nchi na ng'ombe wengi angeweza kukaa kimya akisifiwa tu, lakini yeye alitaka kujua kama jua la leo ni lile la jana, au kama kila siku huzaliwa jua jipya. Na kama mwezi hubadili uso wake ili kutucheka sisi wanadamu. Speke naye akamwuliza swali: kwa nini kila mwaka achinja ng'ombe kaburini kwa baba yake? Rumanyika akacheka, akasema hajui. Alitumaini tu kwamba mavuno yatakuwa mazuri zaidi. Pombe na nafaka aliweka pia mbele ya jiwe kubwa la mlimani, naye alijua vema kwamba jiwe halili wala halinywi.

Sisi tulio wakristo tusifanye haraka kumcheka. Ni wangapi katika sharika zetu ambao wakiulizwa sababu ya jambo walifanyalo kila Jumapili watajibu sawasawa na alivyojibu yeye? Naye angalau alikiri kwamba hajui, mbele ya mgeni, hali ni mfalme.

Lakini palikuwa na neno moja ambalo upole wake haukulifikia. Kila mazungumzo yaliporefuka, yalirudi kwa Rogero. Akamweleza Speke kwamba akibahatika kumkamata ndugu yake hatamwua. Atamng'oa macho tu, kisha atamwacha aende zake, kwa kuwa asiyeona hawezi kudhuru mtu. Alisema hayo kama mtu anayeeleza huruma yake. Na kwa kweli, kwa desturi ya watawala wa siku zile, palikuwa na huruma ndani yake. Ndiyo maana neno hili latisha. Hatukusikia kwamba alimpata Rogero. Basi macho ya ndugu yake yalibaki salama, lakini wazo lile lilibaki nyumbani mwake, na wana wake walikuwa wakikua humo.

Mwaka 1876 Stanley naye alifika, akamkuta Rumanyika ni mzee, upole ni ule ule. Akaonyeshwa nyumba ya hazina, yenye mikuki, ngoma, na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma, kisha akaenda mpaka chemchemi za moto za Mtagata, ambako wagonjwa wa nchi yetu huoga hata leo.

Baada ya miaka michache Rumanyika alikufa. Stanley alipopita tena Karagwe, mwaka 1889, alisimuliwa yaliyofuata, akayaandika katika kitabu chake mwaka uliofuata. Mwana mkubwa alitawala miezi tisa tu. Ndipo Kakoko, mwana mwingine, akanyakua kiti kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo aliua ndugu zake 17. Mdogo wa wote, aitwaye Luajumba, hakumwua. Alimng'oa macho, akamwacha hai.

Kakoko mwenyewe alichomwa mkuki kitandani pake, amelewa. Stanley alipopita, kitini alikuwapo kijana aliyepewa jina la baba wa babu yake, Ndagara, na watu wa Bweranyange walikuwa bado wakihesabu waliokufa.