Frederick Jones: Fundi wa gereji aliyeyapa malori ubaridi

MFANYABIASHARA anayesafirisha kuku, samaki, maziwa au mboga anaijua vyema hasara ya joto. Mzigo unatoka shambani ukiwa mzima, unafika sokoni ukiwa umeharibika, na mtaji unaishia jalalani. Dereva naye anaijua adha ya kiyoyozi kinachopuliza ubaridi asubuhi, lakini ikifika saa nane mchana, gari likiwa kwenye foleni, kinaanza kupuliza hewa ya uvuguvugu.

Matatizo hayo mawili yana asili moja. Mmoja wa watu waliohangaika nayo hadi wakapata jawabu ni Mmarekani mweusi, Frederick McKinley Jones, fundi wa gereji aliyesoma shule kwa miaka michache tu.

Jones alizaliwa mwaka 1893 katika jiji la Cincinnati, jimbo la Ohio. Alibaki bila wazazi akiwa bado mtoto, na kwa muda alilelewa na padri wa Kikatoliki ng'ambo ya mto, katika jimbo la Kentucky. Akiwa kijana mdogo alirudi Cincinnati na kupata kazi ya kufagia katika gereji moja. Ufagio hakukaa nao sana. Aliwatazama mafundi wakifungua injini, akauliza, akajisomea vitabu, na kabla hajatimiza miaka ishirini tayari alikuwa fundi wa kutegemewa.

Mwaka 1912 alihamia Hallock, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Minnesota, karibu na mpaka wa Kanada. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za shamba kubwa. Shambani mashine haibembelezwi. Inatikiswa, inakula vumbi, inazama kwenye matope, na ikiharibika wakati wa mavuno hakuna wa kukusubiri. Mafunzo hayo yalikuja kumfaa sana baadaye.

Vita Kuu ya Kwanza vilimpeleka Ufaransa, ambako jeshi lilimtumia kama fundi wa umeme. Aliporudi Hallock akawa mtu wa kukimbiliwa kwa kila kifaa. Aliunda mtambo wa kurushia matangazo ya redio, akamtengenezea daktari wa hapo mashine ya eksirei ya kuhamishika, na filamu zenye sauti zilipoanza, akaunda mitambo ya sauti kwa ajili ya jumba la sinema la mji huo. Sifa hizo zilimfikia mfanyabiashara Joseph Numero wa Minneapolis, aliyekuwa akiuza vifaa vya sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alimwajiri.

Katika habari za maisha yake inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa joto, mwaka 1937, Jones alikuwa ndani ya gari lake kando ya ziwa akitafuta upepo. Akifungua vioo, mbu wanaingia. Akifunga, anapikika. Ndipo akaanza kufikiria mashine ya kupoza gari, akachora na kupeleka wazo kwa Numero. Tajiri yake hakuona biashara katika wazo hilo, na michoro ikawekwa kando.

Haikupita muda mrefu. Mwaka 1938 Numero alikuwa akicheza gofu na rafiki zake, mmoja wao akiwa mwenye kampuni ya malori. Mtu huyo alikuwa amepoteza shehena nzima ya kuku kwa sababu ya joto. Malori ya siku zile yalitegemea barafu na chumvi. Barafu ikiyeyuka njiani, mzigo umekwisha. Katika mazungumzo, Numero alijigamba kwa utani kuwa angeweza kumtengenezea mashine ya kupoza lori. Mwenye malori hakuchukulia utani. Alileta lori, na Numero ikabidi amwite Jones.

Wataalamu wengi waliamini kazi hiyo haiwezekani. Mashine za kupoza za wakati ule zilikuwa za kukaa mahali pamoja, kwenye sakafu ya saruji. Zikipandishwa kwenye lori, mtikisiko ungelegeza viungo, mabomba yangepasuka, gesi ingevuja. Jones, aliyezoea mashine za shamba, alipima lori na kusema linawezekana.

Ili kuelewa alichofanya, inafaa kujua kwamba mashine ya kupoza haizalishi baridi. Inahamisha joto. Kompresa inasukuma gesi na kuibana. Gesi iliyobanwa inakuwa moto sana, inapita kwenye kondensa ambako inapulizwa hewa na kugeuka kimiminika, kisha inaachiwa ghafla kwenye sehemu ya ndani ya kupozea, ambako inavuta joto la chumba. Joto hilo lazima litupwe nje. Jua linapokuwa kali, hewa ya nje nayo ni moto, kwa hiyo kulitupa ni kazi ngumu zaidi. Kondensa ikiziba vumbi au ikikosa upepo, joto linabaki ndani ya mfumo na ubaridi unapotea.

Mashine ya kwanza ya Jones ilikumbana na hayo hayo. Ilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na ilifungwa chini ya bodi ya lori. Ilipoza, lakini matope na takataka za barabarani ziliifikia na kuiziba. Jones hakuishia hapo. Aliipunguza uzito, akaiimarisha dhidi ya mtikisiko, kisha akaihamishia juu, mbele ya bodi, juu ya kichwa cha lori. Huko upepo ni mwingi na matope hayafiki. Hapo ndipo malori mengi ya baridi hufungwa mashine zake hadi leo.

Jambo la pili alilolifanya ni kuipa mashine injini yake yenyewe, yenye kujiwasha na kujizima kadiri joto la ndani linavyopanda na kushuka. Hivyo ubaridi haukutegemea mwendo wa lori. Tofauti inaonekana ukitazama magari madogo ya kipindi hicho. Kampuni ya Packard ilipoanza kuuza magari yenye kiyoyozi cha kiwandani, katika magari yake ya mwaka 1940, kompresa ilizungushwa na injini ya gari kwa mkanda. Dereva aliyetaka kukizima kwa muda mrefu alilazimika kusimama, kuzima gari na kuuvua mkanda.

Numero aliuza biashara yake ya vifaa vya sauti na kuanzisha kampuni ya mashine hizo, iliyokuja kujulikana kwa jina la Thermo King. Jones akawa kiongozi wa uhandisi. Katika Vita Kuu ya Pili mashine zake zilihifadhi damu, dawa na chakula cha wanajeshi. Baada ya vita, nyama, matunda na mboga viliweza kusafiri mamia ya kilomita katika msimu wowote, na mkulima aliye mbali akapata soko ambalo awali lilikuwa la jirani wa mji peke yake.

Mwaka 1944 Jones alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingizwa katika chama cha wahandisi wa majokofu cha Marekani, enzi ambayo watu wa rangi yake walifungiwa milango mingi. Alipofariki dunia Februari 1961, alikuwa na hataza zaidi ya 60, nyingi zikihusu mashine za kupoza. Mwaka 1991 Serikali ya Marekani ilimtunuku, yeye na Numero, nishani ya taifa ya teknolojia, wote wawili wakiwa marehemu.

Kwa mwenye gari au lori, maisha ya Jones yana mafunzo ya moja kwa moja. Kiyoyozi kikipoza gari linapokimbia na kushindwa linaposimama, kagua kwanza upepo: je, feni inazunguka, na je, kondensa iliyo mbele ya rejeta imejaa vumbi na wadudu? Ioshe kwa maji ya nguvu ndogo ili usipinde mapezi yake. Gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua, kuna mahali inavuja, mara nyingi kwenye mipira na viungo vilivyolegezwa na mtikisiko. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kile kile mara mbili. Na gesi ikizidi kipimo, ubaridi hupungua vile vile.

Kwa mwenye mzigo, kumbuka kuwa mashine ya lori imekusudiwa kutunza ubaridi uliopo. Mboga zilizovunwa saa saba mchana na kupakiwa zikiwa na joto la shambani zitaishinda nguvu. Vuna alfajiri, weka mzigo kivulini au kwenye chumba cha baridi upoe, poza bodi kabla ya kupakia, na acha nafasi kati ya makasha ili hewa ipite.

Jones alianza na ufagio mkononi. Aliyempa nafasi ya kuonyesha kipaji chake alikuwa mfanyabiashara mwenye hasara ya kuku, na malori yanayopeleka chakula kibichi masokoni leo bado yanatumia njia aliyoionyesha.